Tuta la Tano



Juzi nilikuwa stendi ya Msamvu, hapa Morogoro. Sikuwa na safari. Nilimsindikiza mgeni, basi lake likachelewa, tukabaki pale na muda mwingi kuliko maneno. Na Msamvu unapajua: barabara ya Dar es Salaam, ya Dodoma na ya Iringa zinakutana pale, kwa hiyo nusu ya nchi hupita ikinunua maji na korosho dirishani. Mpiga debe mmoja alikuwa akiita, "Dar, Dar, siti mbili, inaondoka!" Siti mbili hizo zilidumu dakika 40.

Nikaanza kupoteza muda kwa hesabu. Kutoka Msamvu hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 190 na ushee. Kwenda na kurudi, karibu 400. Sasa inua macho. Kile Kituo cha Kimataifa cha Anga, nyumba wanamoishi wanaanga, kinazunguka dunia kwenye kimo cha kilometa 400 hivi, na njia zake hupita hata juu ya Morogoro. Yaani watu wale wako umbali wa Dar kwenda na kurudi, ila kwao hakuna mpiga debe wala muuza korosho. Chakula chao hupelekwa kwa roketi.

Hao ni wa karibu. Wapo wanaopanga watu wakakae Mwezini, na baadaye kwenye sayari ya Mirihi. Safari ya Mirihi huchukua miezi 6 hadi 9, na dunia zetu mbili hukaa mkao mzuri wa kusafiri mara moja tu kila baada ya miezi 26. Ukikosa basi la leo, linalofuata ni miaka miwili na zaidi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumbebea kabichi. Itabidi alime.

Na kulima huko kumeshaanza. Tarehe 10 Agosti 2015, Scott Kelly na Kjell Lindgren wa Marekani, pamoja na Kimiya Yui wa Japani, walikula saladi nyekundu iliyooteshwa mle mle kituoni, katika bustani ndogo ya taa inayoitwa Veggie. Waliionja kwa mafuta ya zeituni na siki. Mwaka 2021 zikavunwa pilipili.

Najua kuna msikilizaji anasema, sisi Morogoro haya yanatuhusu nini? Ndugu yangu, anga si ugenini kiasi hicho. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza nyota, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Tena leo sitaki kuzungumzia roketi. Nataka kuzungumzia swali ambalo kila mkulima wa mji huu analijibu kila msimu: nipande nini, kiasi gani, na lini? Jibu lake ni hesabu, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo anaijua mwanafunzi wa kidato cha nne.

Tuanze na basi lenyewe. Tuseme mwenye mabasi anataka gari liondoke Msamvu kwenda Dar kila baada ya nusu saa. Safari saa 4, kushusha na kupakia saa 1, kurudi saa 4, kupakia tena saa 1. Mzunguko mzima ni saa 10. Anahitaji mabasi mangapi? Ndani ya saa 10 kuna nusu saa 20. Basi lile la kwanza linaporudi kwenye zamu yake, mengine 19 yako njiani au yanapakia. Jibu ni 20. Unachukua muda wa mzunguko, unaugawa kwa muda ulio kati ya gari na gari, umemaliza.

Sasa futa neno "basi", andika "mche". Wanaanga 4, kila mmoja ale saladi moja kwa siku. Mche unakaa, tuseme, siku 28 tangu mbegu hadi sahani. Nne mara 28 ni 112. Hiyo ndiyo miche inayotakiwa iwe hai humo ndani kila siku ya Mungu: minne ya leo, minne ya jana, minne ya juzi, hadi ile minne inayong'olewa jioni hii. Na kama katika kila miche 10 mmoja hufa, unagawa 112 kwa 0.9, unapata 124 na ushee. Tenga nafasi 125. Mwaka 1961 Mmarekani John Little aliithibitisha kanuni hii alipokuwa akishughulikia hesabu za foleni: walio ndani ni sawa na wanaoingia kwa siku, mara siku wanazokaa. Inafaa kwa foleni ya benki, kwa wodi ya hospitali, kwa mabasi na kwa mchicha.

Sasa ile Veggie ina nafasi ya miche 6. Kwa hiyo ile saladi ya mwaka 2015 ilikuwa ya kuonja, ya kufurahisha ulimi na moyo. Shibe bado ilikuwa inatoka kwenye pakiti.

Nikiwa katikati ya hesabu hizo, mbele yangu alikuwa amekaa mama mmoja mwenye beseni la mchicha, akiunyunyizia maji kwa chupa aliyoitoboa kifuniko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikufungie mafungu mangapi?"

Nikamwambia kwanza anisaidie jambo. Mchicha huu anaupataje kila wiki bila kukosa? Akasema bustani yake iko bondeni, kando ya mto, na anapanda kwa kupishanisha: kila Jumatatu anasia tuta moja.

"Na mchicha wako unakaa muda gani?"

"Wiki nne nang'oa."

Nikafurahi kama niliyeokota pesa. Wiki 4, tuta moja kwa wiki. "Kwa hiyo mama una matuta manne."

"Matano."

Nikamweleza hesabu yangu, na mabasi yake yote. Nikampa hata nafasi ya kuchimbua na kutia samadi: aling'oe asubuhi, alisie jioni, manne yanatosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akiendelea kunyunyizia. "Matano, mwanangu," akasema. Mgeni wangu akaniita, basi limewaka. Nikaondoka nikiamini mama yule hana hesabu. Tuliache hapo kwanza, nitalirudia.

Saladi na mchicha ni mboga. Shibe je? Hapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Tuskegee, Marekani, wakifanya kazi na shirika la anga la NASA, walimchagua rafiki yetu wa zamani, kiazi kitamu, wakamuotesha bila udongo, mizizi ikipitiwa na maji yenye virutubisho. Na walichagua vema. Chini kiazi, juu matembele, kwa hiyo kinachotupwa ni kidogo. Huku kwetu zao hilo lina wasomi wake pia. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Yeye na wenzake wawili walitambuliwa kwa kazi yao ya viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa vyenye asili ya vitamini A.

Tukipigie hesabu. Kilo moja ya viazi vitamu vibichi ina kama kalori 860, zile kalori za vyakula. Mtu mzima tumpe kalori 2,500 kwa siku. Hiyo ni karibu kilo 3. Viazi vikae ardhini siku 120. Tatu mara 120 ni kilo 360, ambazo lazima ziwe shambani wakati wote kwa umri mbalimbali. Shamba zuri la hapa duniani, lililopaliliwa, tuseme linatoa kilo 2 kwa mita moja ya mraba. Gawa: mita 180 za mraba. Ni uwanja wa hatua 12 kwa 15, kwa mtu mmoja, kwa viazi vitupu. Watu wanne, mita 720. Huwezi kurusha kitu hicho.

Wataalamu kama Raymond Wheeler wa NASA wanakadiria kuwa mita 40 hadi 50 za mraba zinaweza kumlisha mtu mmoja. Zile 130 wamezificha wapi? Kwenye mwanga. Mwaka 1988 Bruce Bugbee na Frank Salisbury, wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Utah, walionyesha kwamba ngano ikipewa mwanga mwingi kupita hata wa jua, pamoja na maji, hewa na virutubisho bila kikomo, hutoa mavuno mara kadhaa ya rekodi za shambani. Unapunguza ardhi kwa kuongeza taa.

Na taa zina bili. Kwa makadirio yangu, kwa taa nzuri za leo, mita moja ya mraba yenye mwanga mkali itakula kama uniti 4 na nusu za umeme kwa siku. Mita 50, uniti 225. Wewe unayenunua umeme wa LUKU unanielewa. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi, ule ukomo wa wateja wa bei nafuu, ingekaa miezi 3 na umeme huo. Mtu wetu wa angani anaumaliza kwa siku moja, kwa taa za shamba peke yake, kabla hajachemsha chai. Wakati huohuo kwenye mita moja ya bustani ya mama yule wa Msamvu, jua linamwaga kiasi kama hichohicho, uniti 5 hivi kwa siku ya kawaida. Hajawahi kuingiza tokeni.

Haya, tumepata viazi. Lakini viazi vitupu havina protini ya kutosha wala mafuta, kwa hiyo tuongeze soya, karanga, ngano, mboga. Kila zao lina eneo lake, siku zake, kiu yake, mwanga wake na kazi yake. Ukiongeza karanga unapunguza viazi. Uchanganye vipi ili watu washibe na eneo liwe dogo kabisa? Hapa ndipo wanafunzi wa kidato cha nne wanaponisikiliza vizuri. Mnachora mistari kwenye karatasi ya grafu, mnatia kivuli, mnabakiwa na eneo linaloruhusiwa, kisha mnajaribu kona moja baada ya nyingine, kwa sababu jibu bora hupatikana konani. Mnadhani ni ya kufaulia mtihani. Ndiyo hesabu hiyo hiyo, isipokuwa mazao yakiwa 10 karatasi ya grafu haitoshi, na kompyuta ndiyo inayozunguka konani.

Asili yake ni sahani ya chakula. Mwaka 1945 mchumi George Stigler alichukua vyakula 77 akatafuta mlo wa bei rahisi kabisa unaokidhi mahitaji ya mtu kwa mwaka. Alipata dola 39 na senti 93, kwa akili na kubahatisha. Mwaka 1947 George Dantzig akagundua njia ya kufika kwenye kona sahihi bila kubahatisha. Ilipojaribiwa kwenye swali la Stigler, makarani 9 walikaa na mashine za kuzungusha kwa mkono, kazi ya jumla ya siku-mtu 120, wakapata dola 39 na senti 69. Tofauti senti 24. Stigler hakuwa mbali.

Ninayempenda zaidi ni Dantzig mwenyewe, alipotaka kupunguza uzito miaka kadhaa baadaye. Aliiambia kompyuta: nipangie mlo wa kalori chache lakini unishibishe. Shibe akaipima kwa uzito wa chakula ukitoa maji yaliyomo. Kompyuta ikamjibu: kunywa galoni 500 za siki. Kwenye jedwali lake siki ilikuwa imeandikwa kana kwamba haina maji hata tone. Akaifuta siki. Mara ya pili ikampa vidonge 200 vya supu kwa siku, vile vya chumvi tupu, kwa kuwa hakuna mahali alipoandika kwamba chumvi ina ukomo. Dantzig alilisimulia hili mwenyewe, akijicheka.

Kompyuta haikukosea kujumlisha, msikilizaji. Ilijibu kwa yale iliyoambiwa. Kosa lilikuwa kwenye kile ambacho hakikuandikwa, na hapo ndipo mipango mingi ya kilimo, ya angani na ya mlimani, inapoangukia.

Sikiliza ya kwanza. Tarehe 26 Septemba 1991, huko Arizona, watu 8 walijifungia ndani ya jengo la vioo lililoitwa Biosphere 2, wakae miaka 2 kama walio sayari nyingine. Shamba lao lilikuwa kama nusu ekari, yaani mita 250 za mraba kwa mtu. Walikula sana ndizi na viazi vitamu, mlo wa Mluguru kabisa. Mmoja wao, Jane Poynter, amesimulia kwamba pizza moja ilimchukua miezi 4, kwa sababu ilibidi aanze kwa kupanda ngano. Walikonda, lakini njaa haikuwa tatizo kubwa kuliko yote. Hewa ndiyo iliyokuwa ikiisha. Oksijeni, ambayo huku nje ni karibu asilimia 21, ilishuka hadi asilimia 14 na nusu hivi, na Januari 1993 ikabidi iingizwe kutoka nje. Ilikwenda wapi? Udongo ule ulikuwa umejazwa mboji nyingi, na vijidudu vya udongoni navyo hupumua. Hewa chafu waliyotoa, badala ya kurudi yote kwa mimea, nyingine ikanywewa na zege la kuta. Wasomi walihesabu pumzi za watu 8. Pumzi ya udongo na kiu ya zege hawakuzipa nafasi ya kutosha kwenye karatasi.

Ya pili haina haja ya kioo. Tazama milima yetu ya Uluguru. Baada ya Vita ya Pili, serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliona udongo wa milima hii unaporomoka kuingia mitoni, ikaleta mpango wa kuuokoa. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kwenye ramani ilipendeza: mteremko unakuwa bapa, maji yanatulia, udongo unabaki. Kilichokosekana kwenye hesabu ni unene wa udongo wenye rutuba, ambao mahali pengi ni mwembamba. Ukichimba ngazi, udongo mzuri unafukiwa, ule mfu wa chini unatokeza juu, na mahindi yanakuwa ya manjano. Wala jasho la wachimbaji halikuhesabiwa kama gharama. Wakulima wa Mgeta walikuwa tayari na ngazi zao wenyewe, za kufukia majani na magugu ili yawe mbolea, lakini hawakuulizwa. Mwaka 1955 watu walikataa, zikazuka ghasia, na mpango ukaachwa.

Sisemi hesabu haifai. Nimekaa nusu saa hapa nikiisifia. Bila ile ya mabasi huwezi kumlisha mtu Mirihi hata wiki moja. Ninachosema ni kwamba duniani ukisahau kitu kwenye hesabu yako, jirani hukufidia kimyakimya. Mchicha wako ukifa, Msamvu upo wa mwingine. Mvua ikikosekana mjini, msitu wa Uluguru bado unadondosha maji kwenye vijito vinavyokwenda kuwa Mto Ruvu, na mtu wa Dar es Salaam anafungua bomba bila kujua ni mlima gani uliomfidia. Huko juu hakuna jirani. Kila tone, kila pumzi, kila mwale wa mwanga lazima uandikwe, na uandikiwe anayelipa. Kwa hiyo karatasi ya shamba la angani ndiyo ankara ya kwanza iliyo kamili ya kazi ambazo mlima huu umekuwa ukitufanyia bila malipo. Ningependa wanafunzi wa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, walio miguuni mwa mlima wenyewe, waipige hesabu hiyo kwa ajili ya huku chini kabla ya kuipigia Mirihi.

Jana nilirudi Msamvu. Nilikwenda kwa ajili ya lile tuta tu. Mama alikuwa pale pale, na beseni lake, na chupa yake.

"Mama, nimekuja kuuliza. Manne nimeyaelewa. Hilo la tano ni la nini?"

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini mwavuli unabebwa asubuhi.

"Hilo ni la balaa, mwanangu."

"Balaa gani?"

"Ningelijua," akasema, "ningelizuia. Nisingelipandia tuta."

Nikanunua mafungu mawili.